Jiko la peleti la mtumba kwenye gereji: chuma ni rahisi, bomba ndilo ghali

Majani yakianza kupukutika Iowa, Minnesota na Wisconsin, matangazo ya majiko ya peleti yaliyotumika hujaa mtandaoni. Peleti ni vijiti vidogo vya unga wa mbao uliogandamizwa. Dola 300, dola 500, dola 900 kwa lililotunzwa. Karibu yote yana sentensi moja: "Lilikuwa linafanya kazi tulipoling'oa." Ichunguze sentensi hiyo kuliko rangi ya jiko, kwa sababu jiko la peleti huharibika zaidi likikaa bure kuliko likiwaka.

Hukumu tuitoe mapema, asiyehusika asipoteze muda. Jiko la aina hii ni zuri kwa banda la kazi lililojitenga na nyumba, lenye sufi ya kuzuia baridi ukutani na darini, lisilolaza gari, na lisilofikiwa na bomba la gesi ya asili. Kama gesi ya asili imeshafika nyumbani kwako, hita ya gesi ya kuning'iniza darini itakupa joto kwa bei hiyohiyo au chini yake, bila kubeba mifuko wala kuzoa majivu. Kama gereji haina sufi, nunua sufi kwanza. Hesabu iko chini.

Na kwa msomaji mgeni wa kifaa hiki: hapa jiko halipiki kitu. Kazi yake ni kupasha joto chumba. Aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya kusaga unga ameshalielewa nusu. Juu kuna tangi la kumimina peleti, au punje za mahindi kwa majiko yaliyotengenezwa kuyachoma, chini yake parafujo inayozungushwa na mota ndogo ikilisha kidogo kidogo, kisha chungu cha moto chenye matundu. Kuna feni mbili. Moja inavuta moshi kuutoa nje, na kwa kuvuta huko ndiyo inayoingiza hewa ya kuwakia. Nyingine inapuliza hewa ya chumba kupitia mabomba ya chuma yaliyopata moto. Ukichanganya feni hizi mbili utanunua kipuri kisichohitajika; hilo hutokea kila siku.

Kwanza, gari litoke

Kiwango cha NFPA 211, kinachofuatwa na miji mingi ya Marekani kwa majiko na mabomba ya moshi, hakiruhusu jiko la kuni, peleti au mahindi kufungwa kwenye gereji ya nyumba ya kuishi. Sababu yenyewe haina ubishi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na jiko la peleti huvuta hewa yake ya kuwakia kutoka hukohuko chini. Hita za maji za gesi huinuliwa inchi 18 kutoka sakafuni kwa ajili ya hatari hiyo. Ukiliinua jiko la peleti hivyo hivyo, bado halijawa halali.

Kinachowezekana ni kulibadili jengo lisiwe gereji tena. Gari linatoka, mashine ya kukatia nyasi inatoka, galoni za petroli, thina na rangi za kupuliza zinatoka, na ofisi ya ujenzi ya mji inaliandika kuwa karakana. Kibali kinaombwa kabla ya kutoboa ukuta. Kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi na ijibu kwa maandishi. "Waliniambia kwa simu ni sawa" haitakusaidia nyumba ikiungua. Mpangaji aanze na mwenye nyumba, na asishangae akikataliwa.

Afisa wa mji atataka kuona bamba la chuma nyuma ya jiko. Bamba hilo hutaja kiwango lilichopimwa, kwa kawaida ASTM E1509, aina ya nishati inayoruhusiwa, na umbali wa kuacha kutoka ukutani. Jiko lisilo na bamba ni chuma chakavu hata kama linang'aa. Majimbo mengine yana masharti zaidi: Washington, kwa mfano, hairuhusu kuuza wala kufunga jiko lisilo na cheti, liwe jipya au la mtumba.

Hesabu ya joto

Chukua gereji ya magari mawili, futi 24 kwa 24, kuta za futi 9, mlango mmoja mkubwa wa futi 16 kwa 7. Nje ni nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani kama 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Ndani unataka 55, sawa na 13 za Selsiasi, joto la mtu anayefanya kazi na sweta.

Ukuta ukiwa na sufi ya R-13, dari R-30 (namba ya R ikiwa kubwa, joto linapotea kidogo), mlango mkubwa wenye povu ndani na mipira ya pembeni iliyo mizima, jengo hilo litapoteza karibu BTU 16,000 kwa saa; BTU ni kipimo cha joto. Likiwa mbao tupu na bati, bila dari, litapoteza kama 48,000. Pauni moja ya peleti ina karibu BTU 8,000, na jiko la zamani lililo safi hukupa robo tatu yake: 6,000. Kwa hiyo gereji yenye sufi inakula pauni 2.7 kwa saa, mfuko na nusu wa pauni 40 kwa siku nzima ya baridi kali. Ile isiyo na sufi inahitaji pauni 8 kwa saa, na majiko mengi ya nyumbani yakilishwa hadi mwisho hayafiki huko. Utakuwa na jiko linalonguruma usiku kucha na vidole vilivyokufa ganzi.

Kitu kingine kinachosahaulika ni sakafu. Zege la futi za mraba 576 lililoganda linanyonya joto kwa saa kadhaa kabla hewa haijatulia. Jiko la peleti halina pupa ya hita ya mafuta ya taa; liwashe saa mbili au tatu kabla ya kazi, au liache kwenye kiwango cha chini muda wote na ulipandishe unapoingia.

Gharama sasa. Mfuko wa peleti wa dola 7 unakupa BTU 100,000 za joto halisi kwa karibu dola 2.90. Gesi ya mtungi kwa dola 2 galoni, kwenye hita ya asilimia 80, inakuja dola 2.70 hivi, karibu sawa. Hita ya umeme ya kawaida kwa senti 15 kwa uniti ni dola 4.40. Gesi ya asili kwa dola 1.20 kwa kila BTU 100,000 zinazoingia kwenye hita hufika dola 1.50. Mahindi yakinunuliwa kwa mkulima dola 4.30 kwa busheli ya pauni 56 hushuka hadi dola 1.60, na hapo ndipo jiko la mahindi linapopata wapenzi. Lakini mahindi hayohayo ukiyanunua kwenye mfuko wa pauni 50 dukani, yale ya kulishia paa wa porini, faida yote imekwisha. Bila mkulima au ghala la nafaka karibu, achana na mahindi.

Yapi ya kutafuta

Majiko ya Whitfield ya miaka ya 1990 bado yanaonekana. Jina linatokana na Jerry Whitfield, mhandisi wa ndege wa jimbo la Washington aliyetengeneza jiko la peleti la nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni sahili, peleti zinadondoka kutoka juu, na vipuri vya kampuni nyingine vinaingia. Tatizo lake ni umri: chuma cha ndani kimechoka.

Harman, ya Pennsylvania, hulisha kutoka chini. Parafujo inasukuma peleti kupanda kwenye chungu kilicholala mshazari, na majivu yanamwagika mbele yenyewe. Ndiyo maana linavumilia peleti mbovu kuliko mengi. Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui. Chini ya chungu kuna kifuniko kidogo cha kufungua kwa mkono, na nyuma yake kuna chemba ambamo kiwashio kinakaa. Majivu laini yanaingia humo kupitia matundu. Chemba ikijaa, kiwashio kinaungua, mnunuzi anabadilisha kiwashio, kipya nacho kinaungua baada ya wiki tatu. Fungua kifuniko hicho mbele ya muuzaji. Ukikuta majivu yamejaa hadi mlangoni, jiko halikuwahi kutunzwa, na bei ishuke.

Kwa mahindi tafuta jiko lenye kikorogeo ndani ya chungu. St. Croix, yaliyotengenezwa Nebraska, yana matoleo ya namna hiyo. Harman PC45 lilikusudiwa mahindi tangu mwanzo. Bixby ya Minnesota ilikuwa na ubunifu mkubwa, lakini kampuni haipo tena, na jiko lenye ubao wa elektroniki wa kampuni iliyokufa ni kamari. Kanuni ni rahisi: kabla ya kutoa pesa, andika jina la toleo pamoja na "ubao wa kudhibiti" na "feni ya moshi" mtandaoni. Vikikosekana vyote viwili, usichukue hata kwa bure.

Ukifika kwa muuzaji

Beba tochi, noti ya dola, mita ya umeme, bisibisi, mfuko mmoja wa peleti na bomba fupi la inchi 3. Noti ni ya mlango: ibane kwenye kamba ya kuziba, funga, vuta. Ikitoka bila kushika, kamba imekufa. Rudia pande zote nne, na kwenye droo ya majivu. Kamba yenyewe ni dola 20 au 30, si sababu ya kukataa jiko, ila inaeleza kwa nini kioo kimeungua kuwa cheusi.

Toa chungu cha moto ukishike mkononi. Matundu yake yawe duara, siyo mapana kama yaliyotafunwa, na kuta zisiwe zimepinda. Kisha mulika nyuma ya sahani za ndani, kule moshi unakopita kabla ya kufika kwenye feni. Hapo ndipo penye ukweli wote. Majivu yaliyoachwa tangu Aprili hunyonya unyevu wa kiangazi na kuanza kula chuma. Kutu ya rangi ya chungwa iliyo kama vumbi si neno. Kutu inayobanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, na bisibisi inayozama ukiigusa kidogo, maana yake jiko limetoboka au linatoboka, na moshi utaingia chumbani.

Fungua kifuniko cha pembeni, uzungushe feni ya moshi kwa kidole. Inatakiwa izunguke yenyewe sekunde kadhaa na kusimama polepole. Ikikwama au ikitetemeka, hesabu dola 100 hadi 200. Mota ya parafujo ni kati ya dola 60 na 120, kiwashio 30 hadi 70, ubao wa kudhibiti 150 hadi 350. Vitu viwili kati ya hivyo vikiwa vibovu, jiko la dola 400 limekuwa la 700.

Mwisho liwashwe. Kama limeshang'olewa, liwashwe nje uwanjani, bomba fupi likiwa nyuma, kamwe si ndani ya banda. Lipe dakika 40, siyo 10. Sababu ya muda huo utaiona hapo chini. Angalia moto wenyewe. Moto wenye afya ni mfupi, wa njano inayokaribia weupe, unacheza kwa haraka na kurusha chembe za majivu juu. Moto mrefu wa rangi ya chungwa, mvivu, wenye ncha nyeusi zinazolamba kioo, una njaa ya hewa: feni chafu, njia iliyoziba, au mlango unaovuja. Mlio wa parafujo unaofanana na mlango mkavu wa mbao ni bushi imekauka au vumbi la peleti limegandamana, na mara nyingi hutengenezeka.

Bomba

Hapa ndipo pesa inapokwenda. Bomba la jiko la kuni halitumiki, na bomba la mashine ya kukaushia nguo ni kujitakia msiba. Linalotakiwa ni bomba la kuta mbili la majiko ya peleti, lenye viungo vya kufunga na kuziba kwa silikoni ya joto kali, maana moshi hapa unasukumwa, hauvutwi kama kwenye dohani la kawaida. Mshono wowote unaovuja unatema moshi ndani. Pakiti ya kupitisha ukutani, pamoja na kiungo cha T chenye kifuniko cha kusafishia, itakula dola 300 hadi 500, wakati mwingine kuliko jiko lenyewe.

Inchi 3 au 4? Mafundi huhesabu hivi: kila futi ya kulala ni 1, kila futi ya kusimama ni nusu, kila kona ya nyuzi 90 ni 5, ya nyuzi 45 ni 3. Jumla ikizidi 15, weka inchi 4. Mfano wa gereji: T moja na kona moja, kila moja ikihesabiwa 5, futi 4 za kupanda ambazo ni 2, futi 2 za kutoka nje ambazo ni 2. Jumla 14. Inchi 3 inatosha, lakini ukiongeza kona moja tu umepita.

Futi hizo chache za kupanda zisirukwe kwa ajili ya ubahili. Umeme ukikatika, feni inasimama huku chungu kina moto. Bomba lililotoka moja kwa moja ukutani halina mvuto, na moshi unarudi hadi kwenye tangi. Bomba lililopanda futi 3 au zaidi huendelea kuvuta lenyewe mpaka moto ufe. Nje, mdomo wa bomba uwe angalau futi 4 pembeni au chini ya dirisha au mlango unaofunguka, au futi 1 juu yake, na futi 1 juu ya ardhi. Theluji ya Minnesota haisomi vipimo, kwa hiyo pandisha zaidi.

Weka pia bomba la kuingiza hewa ya kuwakia kutoka nje, la chuma, siyo plastiki. Gereji ya fundi mbao ina vumbi angani, na jiko linalovuta hewa ya ndani linavuta vumbi hilo. Hata hivyo feni ya joto bado inanyonya hewa ya chumba, kwa hiyo ukianza kupiga msasa zima jiko, na kupulizia rangi kusifanyike humo kabisa. King'amuzi cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyonukia, kiwe ukutani kabla ya moto wa kwanza.

Likizima lenyewe dakika ya 20

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo sababu ya kusubiri dakika 40 kwa muuzaji. Jiko linawaka vizuri, linalisha vizuri, halafu mnamo dakika ya 15 au 20 parafujo inasimama na moto unakufa. Watu hukimbilia kununua ubao. Mara nyingi ubao hauna kosa.

Wakati wa kuwasha, ubao unalisha bila kuuliza maswali. Muda huo ukiisha, unauliza swichi ndogo ya joto iliyobandikwa kwenye njia ya moshi, yenye ukubwa wa sarafu: je, kuna moto? Swichi hiyo inajifunga, yaani inapitisha umeme, moshi ukifika nyuzi 110 au 120 za Fahrenheit. Isipojifunga, ubao unaamini moto umezimika na unakata chakula. Hivyo kuna mambo mawili tu: ama moshi kweli haujapata joto, ama swichi imekufa. La kwanza ndilo la kawaida, kwa sababu njia ya moshi imevaa majivu kama blanketi. Safisha kwanza. Ikirudia, chomoa jiko kwenye umeme wakati lingali moto na upime swichi kwa mita. Isiyopitisha umeme ikiwa moto ibadilishwe, ni dola 10 au 20. Kuiunganisha kwa waya ili "ifanye kazi" ni kuondoa mlinzi getini; kama kipimo cha dakika chache ukiwa umesimama hapo inakubalika, baada ya hapo waya utoke.

Jiko lisilolisha kabisa tangu mwanzo lina mkosaji mwingine: swichi ya mvuto wa hewa, yenye mpira mwembamba wa silikoni unaokwenda kwenye njia ya moshi. Mpira huo huziba kwa majivu. Uchomoe kwenye swichi kwanza, kisha upulize kuelekea ndani ya jiko. Ukipuliza ukiwa bado umeunganishwa unapasua utando wa ndani, na hapo umejitengenezea tatizo la pili. Katika majiko mengine, kifuniko cha tangi kilichoachwa wazi au droo ya majivu isiyofunga huleta dalili hizohizo.

Gereji ina ugonjwa wake maalumu. Soketi zake huwa na kinga inayokata umeme unapovujia ardhini. Kiwashio cha zamani kilichopata ufa huvuja kidogo, na soketi inakata sekunde chache baada ya kuwasha, kila mara. Watu hubadilisha soketi. Badilisha kiwashio. Cha wati 300 kwenye umeme wa volti 120 kipime ohmu 48 hivi. Kikionyesha kupitisha umeme hadi kwenye ganda lake, kimekwisha.

Parafujo ikikwama, chomoa jiko, toa peleti zote, na utafute kitu kigeni: msumari, kipande cha mti, uzi wa mfuko. Lakini mara nyingi ni vumbi la peleti zilizoloa. Peleti ikinusa maji hufumuka kuwa unga, na unga ukikauka ndani ya parafujo huwa kama saruji. Mifuko isilale juu ya zege tupu. Weka mbao chini.

Mahindi yana tabia yake

Wengine inawakera kuona mahindi yakichomwa, na hisia hiyo inaeleweka kwa mtu wa ugali. Haya ni ya njano ya mifugo, jamaa ya yale yaliyoletwa Kenya mwaka wa ukame wa 1984 na kulalamikiwa mezani. Ndani ya jiko hili yanawaka vizuri, ila kwa masharti.

Unyevu usizidi asilimia 15, na 12 au 13 ni bora. Sokoni mahindi huuzwa kwa kipimo cha 15.5, kwa hiyo "makavu ya soko" bado ni mabichi kwa jiko. Ghala la nafaka litakupimia kwa dakika moja. Yawe yamepukuchuliwa na kupepetwa. Vipande vya magunzi na makapi hukwamisha parafujo. Pipa la galoni 55 hubeba karibu busheli 6, pauni 330 hivi, na lenye kifuniko cha chuma ndilo pekee panya hawalishindi. Mbegu zenye dawa, zile za rangi ya waridi, hazichomwi kamwe. Moshi wake ni sumu.

Mahindi huwaka shingo upande. Washa kwa peleti dakika 15 hadi 20, chungu kikishika moto anza mahindi. Madini yaliyomo, hasa potasiamu na fosforasi, huyeyuka na kugandamana kuwa bonge gumu kama kioo cheusi. Bila kikorogeo, bonge hilo linaziba matundu na moto unakufa. Utakuwa unalitoa kwa koleo asubuhi na jioni. Wachomaji wengi hutia kikombe kimoja cha maganda ya chaza yaliyosagwa kwa kila mfuko, yaleyale wanayopewa kuku wanaotaga, ili bonge liwe legevu. Kuchanganya nusu mahindi nusu peleti kunasaidia zaidi, kama bamba la jiko linaruhusu.

Jambo la mwisho la mahindi ni bomba. Moshi wake ukikutana na unyevu hutengeneza tindikali inayokula bomba la mabati. Nunua lile ambalo mtengenezaji ameandika kuwa ni la mahindi, lenye chuma cha pua kinachostahimili tindikali. Bomba la mtumba lililochomewa mahindi usilichukue hata likija na jiko bure.

Usafi

Kwa peleti nzuri: kukwangua chungu kila siku, majivu ya ndani kila wiki, na baada ya kila tani, yaani mifuko 50, kusafisha bomba lote na kuitoa feni ya moshi uipige brashi, ukiweka gasketi mpya. Mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani isiguse majivu. Kaa moja lililojificha linatosha kuiwasha. Tumia ya majivu, jiko likiwa limezimwa tangu jana. Majivu yakae kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, juu ya udongo au zege.

Umeme wa kuliendesha ni mdogo, wati 100 hadi 175 likishawaka na 300 hadi 500 wakati wa kiwashio. Ukitaka betri ya dharura, invata iwe ya wimbi safi. Nyingine hufanya mota zingurume na kupata moto.

Aprili, toa peleti au mahindi yote, endesha parafujo mpaka iwe tupu, safisha kama ilivyoelezwa, pangusa chuma cha ndani kwa mafuta kidogo, kisha ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa. Kitambaa hicho kifunge kwa kamba ndefu, na ncha ya kamba ifike ndani, juu ya swichi ya kuwashia, ili Oktoba mkono ukienda kwenye swichi ukutane na kamba kwanza.